Tasnifu ya uhalifu: Safari ya mwanafunzi wa uzamili kutoka swali la utafiti hadi mbele ya jopo

WANAFUNZI wengi wanaojisajili kwa shahada ya uzamili katika taaluma ya uhalifu humaliza masomo ya darasani bila tatizo kubwa. Tasnifu ndiyo huwakwamisha. Wapo wanaokaa miaka na pendekezo la utafiti ambalo halikubaliki, wapo wanaokusanya data wakashindwa kuzieleza, na wapo wanaofika mbele ya jopo la watahini wakaulizwa swali moja tu ambalo huibomoa kazi nzima.

Swali hilo mara nyingi huwa jepesi kulisikia. Tuseme mwanafunzi anachunguza ni kwa nini vijana waliowahi kufungwa hurudia makosa. Anakwenda gerezani na kuwahoji wafungwa 60. Anagundua kwamba 45 kati yao waliwahi kufungwa hapo awali. Anarudi chuoni na kuandika kuwa mpango wa kuwarekebisha wafungwa umefeli kwa asilimia 75 ya vijana. Siku ya kutetea, mtahini anamuuliza: "Wale waliofunguliwa wakajirekebisha, uliwatafuta wapi?"

Hao hawamo gerezani. Wako shambani, sokoni, kwenye vituo vya bodaboda na katika nyumba zao. Asilimia 75 aliyoipata mwanafunzi huyo inaeleza ni wafungwa wangapi waliokuwa ndani siku ile waliwahi kufungwa. Haielezi hata kidogo ni vijana wangapi waliofunguliwa hurudia makosa. Iwapo gereza hilo liliwafungua vijana 300 katika kipindi anachokichunguza, na 45 tu ndio waliorudi, basi waliorudia makosa ni asilimia 15. Watu ni wale wale 45, lakini hitimisho limegeuka kabisa.

Tofauti kati ya asilimia 75 na asilimia 15 si hesabu ya kuchezea. Tasnifu husomwa na maafisa wa magereza, wanasheria, mashirika ya kijamii na hata wanahabari. Hitimisho la kwanza linaweza kutumiwa kudai kuwa kuwafunza wafungwa useremala ni kupoteza fedha za umma. La pili linaweza kutumiwa kudai kwamba mafunzo hayo yaongezwe. Kwa sababu hiyo, anayeandika tasnifu ya uhalifu ana wajibu mzito kuliko ule wa kutimiza masharti ya shahada. Sharti ajue data zake zinathibitisha nini na haziwezi kuthibitisha nini. Huo ndio msingi wa kuiandika kazi hiyo, na ndio msingi wa kuitetea.

Taaluma yenyewe

Elimu ya uhalifu huchunguza mambo matatu makuu: jinsi sheria zinavyotungwa na kuamua kipi ni kosa, ni kwa nini watu huzivunja sheria hizo, na jamii huchukua hatua gani zinapovunjwa. Mgawanyo huu ulitiliwa mkazo na Edwin Sutherland wa Marekani, mmoja wa waasisi wa taaluma hii katika karne ya 20. Kwa hivyo mwanafunzi halazimiki kumwandikia mwizi pekee. Anaweza kuchunguza polisi, mahakama, magereza, maafisa wa uangalizi wa wahalifu au waathiriwa.

Katika vyuo vikuu vyetu, somo hili limekuwa likifunzwa kwa miaka mingi likiwa tawi la sosholojia. Baadhi ya vyuo sasa vina shahada zinazobeba jina la uhalifu waziwazi. Aidha, vyuo vingi huwapa wanafunzi wa uzamili njia mbili: kuandika mradi, ambao ni kazi fupi baada ya masomo mengi ya darasani, au kuandika tasnifu, ambayo ni kazi pana na hupitia mikononi mwa mtahini wa nje. Ni muhimu mwanafunzi ajue mapema yuko kwenye njia ipi, kwa kuwa upeo wa utafiti hutegemea uamuzi huo.

Kuchagua swali

Kosa la kwanza na la kawaida ni kuchagua mada pana mno. Mwanafunzi husema anataka kuchunguza "chanzo cha uhalifu nchini Kenya." Wahenga walinena kuwa mtaka yote hukosa yote. Wizi wa mifugo kule Samburu, ulaghai wa fedha kupitia simu, na mauaji yanayotokea katika ugomvi wa kinyumbani ni makosa yenye vyanzo, mazingira na watu tofauti. Hayawezi kuelezwa kwa hojaji moja.

Swali jema hutaja kosa gani, mahali gani, watu gani na kipindi gani. Badala ya kuuliza ni kwa nini vijana huingilia uhalifu, mwanafunzi anaweza kuuliza: Je, miongoni mwa vijana waliofunguliwa kutoka gereza fulani katika mwaka fulani, waliopata kazi ndani ya miezi sita walirudia makosa kwa kiwango kidogo kuliko wale ambao hawakupata kazi? Swali hili linaweza kujibiwa kwa "ndiyo" au "la." Likijibiwa, jopo litajua jibu limetoka wapi.

Zingatia kuwa swali hilo lina makundi mawili yanayolinganishwa. Ulinganishaji ndio moyo wa utafiti wa uhalifu. Mfano mzuri uko karibu nasi. Mnamo 1973, Marshall Clinard na Daniel Abbott walichapisha kitabu kuhusu uhalifu katika nchi zinazoendelea, ambacho sehemu yake kubwa ilitokana na utafiti wao mjini Kampala, Uganda. Walichukua mitaa miwili maskini ya jiji hilo, mmoja ukiwa na uhalifu mwingi na wa pili ukiwa na uhalifu mdogo, wakailinganisha. Kwa kuwa mitaa yote miwili ilikuwa maskini, umaskini peke yake haungeweza kueleza tofauti iliyokuwepo. Walichokiona ni kwamba katika mtaa wenye uhalifu mdogo, wakazi walikuwa na ushirikiano na mahusiano ya karibu zaidi.

Lau wangeuchunguza ule mtaa wenye uhalifu mwingi pekee, wangeukuta umaskini kila mlango, na huenda wangehitimisha kuwa umaskini ndio chanzo. Mtaa wa pili ndio uliowaokoa na kosa hilo. Mwanafunzi wa uzamili hana fedha wala muda wa watafiti hao, lakini anaweza kujiuliza swali lilo hilo: mtaa wangu wa pili uko wapi?

Mtego wa takwimu za polisi

Wanafunzi wengi huanzia kwenye takwimu za makosa yaliyoripotiwa kwa polisi, ambazo huchapishwa kila mwaka katika ripoti ya uchumi ya Shirika la Kitaifa la Takwimu, KNBS. Takwimu hizo zina manufaa makubwa. Hata hivyo, zinahesabu makosa yaliyofika kituoni na kuandikwa kwenye kitabu cha matukio. Hazihesabu makosa yaliyotendeka.

Jambo hili si geni. Katika miaka ya 1830, Adolphe Quetelet, msomi wa Ubelgiji aliyekuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuchunguza uhalifu kwa takwimu, alikwisha kutambua kwamba makosa yanayojulikana ni sehemu tu ya makosa yote. Sehemu isiyojulikana huitwa na wataalamu idadi ya gizani. Ili kuimulika, baadhi ya mataifa huendesha utafiti wa nyumba kwa nyumba, ambapo raia huulizwa iwapo wametendewa uhalifu, hata kama hawakuripoti. Marekani imekuwa ikifanya hivyo tangu miaka ya 1970.

Tuseme katika mji mmoja mdogo, visa vya wizi vilivyoripotiwa vilikuwa 40 mwaka uliotangulia na 60 mwaka uliofuata. Je, wizi umeongezeka kwa nusu? Huenda. Lakini huenda pia kituo kipya cha polisi kilifunguliwa karibu na soko, na wafanyabiashara ambao hapo awali walikuwa wakinyamaza sasa wanaripoti. Mwanafunzi anayekimbilia kuandika kuwa uhalifu umeongezeka kwa asilimia 50 amejitegea mtego mwenyewe.

Hali kadhalika, sheria hubadilika, na ikibadilika, hesabu hubadilika nayo. Sheria ya Makosa ya Ngono ya mwaka 2006 ilifafanua upya makosa ya aina hiyo na kuongeza mengine. Mtafiti anayelinganisha visa vya kabla na baada ya mwaka huo sharti aeleze kwamba mizani iliyotumika haikuwa moja. Vivyo hivyo, kwa miaka mingi kujaribu kujitoa uhai kulikuwa kosa la jinai nchini, hadi Mahakama Kuu ilipotamka mwezi Januari 2025 kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Kitendo ni kile kile. Kilichobadilika ni jina ambalo sheria inakipa.

Nadharia si pambo

Sura ya pili ya tasnifu huwa na udurusu wa maandishi pamoja na msingi wa nadharia. Hapa ndipo wanafunzi wengi hurundika majina ya wataalamu kana kwamba wanapanga sahani kabatini. Wanamtaja Cesare Beccaria wa Italia, aliyeandika mnamo 1764 akipinga mateso na hukumu ya kifo. Wanamtaja Cesare Lombroso, ambaye mnamo 1876 alidai kuwa mhalifu anaweza kutambuliwa kwa maumbile yake, dai ambalo limekwisha kukataliwa. Kisha wanaendelea na data zao bila kuwarejelea tena.

Nadharia ni chombo cha kazi. Kila nadharia humwelekeza mtafiti autafute ushahidi mahali tofauti. Robert Merton, katika makala yake ya mwaka 1938, alisema kuwa uhalifu huzuka jamii inapowahimiza watu wote kutafuta mafanikio huku ikiwanyima baadhi yao njia halali za kuyafikia. Anayemfuata Merton atawauliza vijana kuhusu ndoto zao na nafasi walizozikosa. Sutherland alisisitiza kuwa uhalifu hufunzwa kama vile ufundi unavyofunzwa, kupitia watu wa karibu. Anayemfuata yeye atauliza kuhusu marafiki. Travis Hirschi, mnamo 1969, aligeuza swali: badala ya kuuliza ni kwa nini watu huvunja sheria, aliuliza ni kitu gani huwazuia wengi wetu tusiivunje. Anayemfuata Hirschi atauliza kuhusu wazazi, shule na mambo ambayo kijana anaogopa kuyapoteza.

Jopo halitashangazwa na orodha ndefu ya nadharia. Litauliza ni swali lipi katika hojaji lilitokana na nadharia ipi. Ikiwa mwanafunzi hawezi kuonyesha uhusiano huo, ni heri angechagua nadharia moja na kuitumia barabara.

Ni vyema pia kuwasoma watafiti wa eneo letu. Tibamanya mwene Mushanga wa Uganda, kwa mfano, alichunguza mauaji nchini mwake katika miaka ya 1970 na ni miongoni mwa waliotangulia kuijenga taaluma hii Afrika Mashariki. Aidha, nchini Kenya kipo Kituo cha Kitaifa cha Utafiti wa Uhalifu, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1997, ambacho huchapisha ripoti kuhusu makosa mbalimbali. Tasnifu inayoandikwa kuhusu Kakamega huku ikinukuu wataalamu wa Chicago pekee itazua maswali.

Vibali na maadili

Hakuna anayeruhusiwa kuingia gerezani na hojaji mkononi kwa kuwa tu yeye ni mwanafunzi. Baada ya idara kulipitisha pendekezo lake, mwanafunzi hutakiwa kupata idhini ya kamati ya maadili ya utafiti, kisha leseni kutoka kwa Tume ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi, NACOSTI, iliyoundwa chini ya sheria ya mwaka 2013. Kwa utafiti wa wafungwa, atahitaji pia ruhusa ya Idara ya Magereza, kisha ashirikiane na msimamizi wa gereza husika. Kila hatua ina barua zake na muda wake wa kusubiri. Mwanafunzi anayepanga kukusanya data mwezi ujao ilhali hajaanza kutafuta vibali anajidanganya.

Ugumu mkubwa zaidi hauko kwenye barua. Uko katika neno moja: hiari. Mfungwa anapoitwa na askari na kuambiwa kuwa mgeni kutoka chuo kikuu anataka kuzungumza naye, je, anaweza kukataa? Huenda akadhani kuwa akikubali atapunguziwa kifungo, au akikataa ataadhibiwa. Katiba ya 2010 inazilinda haki za watu waliozuiliwa, na Sheria ya Watu Walionyimwa Uhuru ya mwaka 2014 inazifafanua. Mtafiti anapaswa kumweleza mfungwa kwa lugha anayoielewa kwamba hatapata upendeleo wowote kwa kushiriki, hatapata madhara kwa kukataa, na anaweza kusitisha mahojiano wakati wowote. Ikiwezekana, askari awe mahali ambapo anaona lakini hasikii.

Iwapo wahojiwa ni watoto, ridhaa ya mzazi au mlezi huhitajika pamoja na ya mtoto mwenyewe. Ikumbukwe kuwa Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 ilipandisha umri wa kuwajibikia makosa ya jinai kutoka miaka minane hadi 12. Ukimwita mtoto wa miaka kumi mhalifu ndani ya tasnifu, umepotoka kisheria na kimaadili kwa pamoja.

Kuna suala jingine ambalo wanafunzi wa taaluma nyingine hawakutani nalo. Mhojiwa anaweza kumsimulia mtafiti kosa ambalo polisi hawalijui. Sheria ya Ushahidi huzilinda siri baina ya wakili na mteja wake. Mtafiti hana kinga kama hiyo, na mahakama inaweza kumwamuru atoe ushahidi. Kwa hivyo hapaswi kuahidi usiri asioweza kuulinda. Njia ya busara ni kumwonya mhojiwa kabla ya mazungumzo kuanza kuwa asitaje majina, tarehe wala mahali pa kosa lolote ambalo halijafikishwa mahakamani.

Data zikishakusanywa, Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inamhusu mwanafunzi pia. Majina yaondolewe, nambari zitumike badala yake, na orodha inayounganisha majina na nambari ihifadhiwe mbali na rekodi za mahojiano. Hata jina la kijiji linaweza kumfichua mtu. Mkiwa na kijana mmoja tu kijijini aliyefungwa kwa wizi wa pikipiki, kuandika "kijana wa kijiji fulani aliyefungwa kwa wizi wa pikipiki" ni sawa na kulitaja jina lake.

Zaidi ya hayo, kuna madhara ya jina lenyewe. Howard Becker alieleza mnamo 1963 jinsi mtu anavyoweza kusukumwa zaidi katika uhalifu kwa kubandikwa jina la mhalifu. Mtaa ukitajwa katika tasnifu kuwa ni maskani ya magenge, vijana wake wote hubeba mzigo huo, hata wale ambao hawajawahi kuokota shilingi isiyo yao. Msako ukifanywa, wao ndio hukamatwa kwanza. Wanapoomba kazi, anwani yao ndiyo huwaponza.

Kuandika

Tasnifu nyingi huwa na sura tano: utangulizi, udurusu wa maandishi, mbinu za utafiti, uchanganuzi wa data na matokeo, kisha muhtasari, hitimisho na mapendekezo. Mwanafunzi halazimiki kuziandika kwa mfuatano huo. Sura ya mbinu ni bora iandikwe wakati kumbukumbu za nyanjani zingali mbichi. Ikisiri, ijapokuwa husomwa mwanzo, huandikwa mwisho.

Katika sura ya matokeo, jihadhari na asilimia zinazoelea bila idadi. Kusema asilimia 60 ya waliohojiwa walilelewa na mzazi mmoja husikika kuwa jambo zito. Ikiwa waliohojiwa ni 20, hao ni watu 12 tu, na watu wawili wakibadilisha jibu, asilimia hiyo hushuka hadi 50. Andika idadi kando ya asilimia ili msomaji ajipimie mwenyewe.

Pia, tofautisha mambo yanayoandamana na mambo yanayosababishana. Wafungwa wengi huenda waliacha shule mapema. Hilo halithibitishi kuwa kuacha shule kuliwatia katika uhalifu. Huenda umaskini uliwatoa shuleni, na umaskini huo huo ukawanyima fedha za dhamana au za wakili, hivyo wakaishia gerezani kwa makosa ambayo mwenye uwezo angejinasua nayo.

Mapendekezo nayo yatokane na matokeo. Ni jambo la kawaida kukuta tasnifu iliyochunguza gereza moja ikihitimisha kwa kuitaka serikali iunde wizara mpya, iongeze askari na ibadilishe mtalaa wa shule. Msomaji hujiuliza ni ukurasa upi uliothibitisha hayo. Pendekezo dogo linaloshikamana na ushahidi, kwa mfano kwamba gereza liweke rekodi za kazi walizopata wafungwa baada ya kufunguliwa, lina thamani kubwa kuliko hotuba ya kurasa tatu.

Kuhusu wizi wa kitaaluma, vyuo sasa hupitisha tasnifu kwenye programu za kulinganisha maandishi kabla ya kuzipokea. Programu za akili unde nazo zimeleta hatari mpya. Zinaweza kubuni makala na waandishi ambao hawajapata kuwepo, na kuwaandika kwa namna inayoaminika kabisa. Mtahini akiulizia kitabu kilichotajwa na mwanafunzi akashindwa kukieleza, au kikakosekana katika maktaba zote duniani, shaka huenea hadi kwenye data zake. Kanuni ni moja: usitaje maandishi ambayo hukuyasoma.

Siku ya kutetea

Mwanafunzi huwa amekwisha kutetea pendekezo lake katika idara kabla ya kwenda nyanjani. Utetezi wa mwisho ni tofauti. Jopo huwa na mwenyekiti, watahini na wawakilishi wa idara au kitivo. Msimamizi huwepo, lakini hatarajiwi kumjibia mwanafunzi wake. Watahini huwa wamekwisha kuisoma kazi na kuandika ripoti zao. Kwa hivyo mwanafunzi asiitumie nafasi yake ya kuzungumza, ambayo aghalabu haizidi nusu saa, kuisoma tasnifu upya. Aeleze swali lake, njia aliyoitumia, aliyoyapata na umuhimu wake. Historia ndefu ya uhalifu tangu enzi za Beccaria haihitajiki hapo.

Maswali ya jopo hutabirika kuliko wanafunzi wanavyodhani. Ni kwa nini ulichagua gereza hili na si lingine? Ni nani aliyekuchagulia wahojiwa, wewe au msimamizi wa gereza? Ulijuaje kuwa walisema kweli? Nadharia yako ilisaidia nini? Ni kipi kipya ulichokigundua? Na lile swali letu la mwanzo: ni nani aliyekosekana katika sampuli yako?

Mwanafunzi mwenye hofu hujaribu kuyaficha mapungufu ya kazi yake. Hudai kuwa wahojiwa 60 wanawakilisha wafungwa wote nchini, au hukasirika na kuanza kubishana. Watahini wenye tajriba huliona hilo mara moja, na huendelea kuchimba pale pale. Mwanafunzi aliyejiandaa hujibu vingine: "Niliwahoji walio ndani pekee. Kwa hivyo sidai kujua ni wangapi hurudia makosa. Ninachodai ni kwamba waliorudia wanaeleza ugumu wa kupata kazi baada ya kufunguliwa, na nimeonyesha katika sura ya nne jinsi walivyoueleza." Jibu hilo limekubali mpaka, na papo hapo limelinda kilicho ndani ya mpaka huo. Ni vigumu kulibomoa, kwa sababu halidai zaidi ya linachokijua.

Jambo hili lina athari hata kwenye uandishi. Jibu kama hilo haliwezi kutungwa siku ya utetezi iwapo tasnifu yenyewe inadai vingine. Mwanafunzi aliyeandika kwenye ikisiri kuwa mpango umefeli kwa asilimia 75 hawezi kusimama mbele ya jopo na kusema hakumaanisha hivyo. Utetezi huanza siku swali la utafiti linapoandikwa.

Maandalizi mengine ni ya kawaida lakini yana faida. Hudhuria utetezi wa wenzako iwapo chuo chako kinaruhusu. Waombe wanafunzi wenzako wakuhoji bila huruma. Weka alama kwenye kurasa za majedwali muhimu ili usipekuepekue mbele ya watu. Swali likiwa refu, liandike. Usipolielewa, omba lirudiwe. Kunyamaza kidogo kabla ya kujibu si dalili ya udhaifu.

Baada ya utetezi

Ni nadra kazi kupita bila marekebisho yoyote. Uamuzi wa kawaida huwa ni kupita kwa masharti ya kurekebisha mambo madogo au makubwa ndani ya muda uliowekwa. Wengine hutakiwa kuandika upya sehemu kubwa na kutahiniwa tena, na wachache hushindwa. Anayepewa marekebisho ayaorodheshe yote, kisha aonyeshe kando ya kila moja ukurasa alikolitekeleza. Wengi hupumua kwa furaha siku ya utetezi, wakaiweka kazi kabatini, na mahafali yakawapita.

Tasnifu ikishakubaliwa huwekwa katika maktaba ya chuo, na nyingi sasa hupatikana kwenye intaneti. Baadhi ya vyuo humtaka mwanafunzi achapishe makala katika jarida la kitaaluma kabla ya kufuzu. Hata pale ambapo hakuna sharti hilo, ni haki kuwapelekea muhtasari wale waliofungua milango yao: msimamizi wa gereza, maafisa wa uangalizi na, kwa lugha nyepesi, wafungwa wenyewe. Wao ndio waliotoa simulizi za maisha yao bila malipo.

Kwa jumla, anayeanza safari hii asijiulize kwanza atapata alama ngapi au atamaliza lini. Ajiulize anataka kujua nini, ni nani anayeweza kumjibu, na ni nani ambaye hatamwona hata akikaa gerezani mwaka mzima. Akiyajibu hayo matatu kwa ukweli kabla ya kuandika sura ya kwanza, atakapoketi mbele ya jopo atakuwa na jibu la kutoa. Na afisa atakayeisoma kazi yake miaka kumi baadaye, akiamua iwapo karakana ya gereza ifungwe au iendelee, atakuwa na ukweli mkononi.